Mhasibu au bima: fundi anayejitegemea aanze na ipi?

Fundi wa kuchomelea vyuma amerudi nyumbani baada ya swala ya Isha akiwa na karatasi mbili mfukoni. Ya kwanza ametoka nayo kwa mhasibu, ya pili kwa wakala wa bima. Hakuzitafuta kwa hiari yake. Shule moja binafsi imempa kazi ya mageti na madirisha, na meneja wake amemweleza bayana kwamba hataingia eneo la kazi bila hati ya bima, wala hatalipwa bila hesabu na stakabadhi zinazoeleweka. Ameziweka karatasi zile mezani mbele ya mkewe, na swali limekuwa moja: fedha ya zote mbili haipo, je, waanze na ipi?

Swali hili linaulizwa katika nyumba nyingi za Waislamu. Vijana wetu wengi hawana ajira ya mshahara. Ni mafundi umeme, mafundi bomba, wapaka rangi, waseremala, washonaji, wapiga picha za harusi na wakandarasi wadogo wa usafi. Wanaajiri wasaidizi wawili au watatu, wanapokea malipo ya awali, wanakopa vifaa dukani, na mwisho wa mwezi hawajui kama wamepata au wamekula mtaji. Tumeona ni wajibu kulitazama jambo hili kwa utulivu, kwa hesabu na kwa mizani ya dini yetu. Mifano yetu ni ya Tanzania Bara. Bei za mhasibu na za bima tutakazozitaja ni za mfano tu, ili msomaji aone namna ya kulinganisha. Kila mmoja akaulize za kwake.

Anachouza mhasibu

Watu wengi hudhani kwamba mhasibu ni mtu wa kuitwa siku ya kupeleka ritani Mamlaka ya Mapato, yaani TRA. Hilo ndilo huifanya huduma yake ionekane ghali, kwani anaitwa akiwa amechelewa, anakabidhiwa mfuko wa karatasi zilizochanika, kisha anatakiwa afanye miujiza.

Kwa fundi mdogo ziko njia tatu. Ya kwanza ni kumlipa mhasibu kila mwezi aandike kila kitu. Ya pili ni kumwita mara moja kwa mwaka. Ya tatu, ambayo sisi tunaiona bora kwa walio wengi, ni fundi au mtu wa nyumbani kwake kuandika daftari kila siku, na mhasibu kulikagua kila baada ya miezi mitatu. Tuchukulie kwamba kwa njia hii ya tatu mhasibu anataka shilingi 120,000 kwa kila ukaguzi, yaani 480,000 kwa mwaka. Je, ni nyingi?

Tuipime. Tuseme fundi wetu amepokea shilingi milioni 30 katika mwaka, na anatozwa kodi kwa faida halisi. Ametumia milioni 20 kwa vyuma, rangi, umeme, usafiri na ujira wa wasaidizi, na yote ana stakabadhi zake. Faida yake ni milioni 10. Kwa viwango vya kodi ya mapato ya mtu binafsi vinavyoanza kutoza pale mapato yanapozidi shilingi 3,240,000 kwa mwaka, kodi yake ni shilingi 1,036,000.

Sasa tuseme fundi huyo huyo, kwa matumizi yale yale, amepoteza stakabadhi za milioni 5. Mbele ya afisa wa kodi, matumizi yasiyo na ushahidi hayakubaliki. Faida yake katika karatasi imekuwa milioni 15, ilhali mfukoni haijaongezeka hata senti, na kodi imekuwa shilingi 2,436,000. Tofauti ni shilingi 1,400,000. Hiyo ndiyo bei ya kutupa karatasi, nayo inazidi ada ya mhasibu karibu mara tatu.

Liko jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalijui, nalo ni kodi ya zuio. Kampuni inapomlipa mtoa huduma mkaazi, hukata asilimia 5 ya malipo ya huduma na kuipeleka TRA kwa niaba yake. Katika kazi ya ujenzi yenye vifaa ndani yake, kanuni huigawa thamani ya mkataba mafungu matano: matatu huhesabiwa kuwa vifaa, na mawili kuwa huduma, na makato huwa juu ya haya mawili. Kwa kazi ya milioni 15, huduma ni milioni 6, na makato ni shilingi 300,000. Fedha hizo hazijapotea, bali ni sehemu ya kodi ya mwaka iliyokwisha kulipwa. Fundi mwenye kodi ya 1,036,000 akionyesha vyeti vyake vya zuio, atadaiwa 736,000 tu. Asiyedai vyeti kwa waliomlipa hulipa mara mbili, kisha hulalamika kwamba serikali imemwonea.

Kwa wafanyabiashara wadogo wanaoruhusiwa kulipa kwa makadirio, funzo ni lile lile. Katika viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mwenye mauzo ya shilingi milioni 9 kwa mwaka alitakiwa kulipa 250,000 ikiwa hana kumbukumbu, na 150,000 ikiwa anazo. Viwango hubadilika, na si kila mtoa huduma anaruhusiwa kuwa katika makadirio. Kwa hiyo kila fundi amuulize afisa wa kodi wa eneo lake yuko upande gani. Na anayemchukua mhasibu amuulize kama amesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Si kila mwenye kompyuta na muhuri ni mhasibu.

Anachouza mtu wa bima

Mhasibu hulinda kilichokwisha kupatikana. Bima hutazama siku ambayo haijafika. Cheche moja ya mashine ya kuchomelea ikiangukia godoro, pazia au debe la rangi, ghala la mwenye kazi linaweza kuteketea. Mali iliyoungua ni ya mtu mwingine, naye ana haki ya kudai. Fundi asiye na kitu atauza kiwanja, atakopa kwa ndugu, au atahama mji huku deni likimfuata.

Bima zinazomhusu fundi ni za aina kadhaa, na ni kosa kuzinunua kama fungu moja bila kujua kila moja inafanya nini. Bima ya dhima humlipia anapowadhuru watu wengine au mali zao katika kazi yake. Bima ya zana hulipa mashine zikiibwa au kuungua. Bima ya ajali humlipa yeye mwenyewe akiumia. Kwa wasaidizi aliowaajiri, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri huuchangia. Kwa sekta binafsi mchango ulishushwa hadi asilimia 0.5 ya mishahara. Mwenye kulipa mishahara ya shilingi 500,000 kwa mwezi huchangia 2,500 tu. Kuna mafundi wanaotumia zaidi ya hiyo kwa vocha za simu kwa siku mbili, na kijana wao akianguka kutoka juu ya ngazi hawana la kumwambia mama yake. Ila mfuko huo ni wa waajiriwa. Fundi mwenyewe, akiwa hana mwajiri, atafute kinga yake.

Katika kulinganisha bei za bima, kosa kubwa ni kutazama tarakimu ya chini ya karatasi. Tuseme fundi wetu ameletewa bei mbili za bima ya dhima. Kampuni ya kwanza inataka shilingi 300,000 kwa mwaka. Italipa hadi milioni 10 kwa tukio, na shilingi milioni 1 ya mwanzo ataibeba mwenyewe. Ya pili inataka 380,000. Italipa hadi milioni 30, na atabeba 300,000 ya mwanzo. Ghala likiungua kwa hasara ya milioni 6, ya kwanza itatoa milioni 5 na ya pili milioni 5 na laki 7. Aliyeokoa 80,000 wakati wa kununua amepoteza 700,000 wakati wa shida. Hasara ikiwa milioni 20, aliyechukua ya kwanza anabaki na deni la milioni 10 shingoni, na wa pili anabaki na laki 3.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, tunashauri yaulizwe mambo haya. Kiwango cha juu cha fidia ni kipi, na ni kwa kila tukio au kwa mwaka mzima? Mimi nitabeba kiasi gani cha mwanzo? Ni mambo gani yametolewa nje ya bima? Hapa fundi wa kuchomelea asome kwa makini, kwani zipo hati ambazo huondoa hasara itokanayo na kazi ya moto, yaani kazi yenyewe anayoifanya, au huweka sharti la kuwa na mtungi wa kuzimia moto. Natakiwa kutoa taarifa ndani ya siku ngapi? Na je, bei hii ina kodi ya ongezeko la thamani ndani yake? Bima ya lazima ya gari dogo binafsi kwa madhara ya mtu wa tatu inatufundisha: ada yake ya 100,000 huwa 118,000 baada ya kodi. Stika na hati zihakikiwe katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, maana hati bandia haina thamani siku ya ajali. Na mwenye kunyimwa haki yake asikate tamaa, kwani ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mizani ya sharia

Baadhi ya wasomaji watasema: bima yenyewe ni halali? Ni swali la mtu anayemcha Mola wake, na halifai kupuuzwa.

Mwezi Desemba 1985, Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, likikutana Jeddah, lilitoa uamuzi kwamba mkataba wa bima ya kibiashara wenye ada maalumu una gharari kubwa inayouharibu, na kwamba mbadala wake ni bima ya ushirikiano iliyojengwa juu ya kujitolea na kusaidiana. Huo ndio msingi wa takaful. Wanachama huchangia katika mfuko kwa nia ya tabarrui, yaani kujitolea. Anayepata msiba husaidiwa kutoka humo. Kampuni haimiliki mfuko. Huusimamia kwa ujira wa uwakala au kwa fungu la faida ya uwekezaji. Fedha haziwekezwi katika riba, pombe wala kamari, na ziada inaweza kurudishwa kwa wanachama.

Kampuni ya kwanza ya takaful ya zama hizi ilianzishwa Sudan mwaka 1979. Malaysia ilitunga sheria yake mwaka 1984. Kwa jirani zetu wa Kenya, huduma hiyo ilianza mwaka 2011, na kwetu Shirika la Bima la Zanzibar, ZIC, limefungua dirisha la takaful. Kwa hiyo Mwislamu wa leo hana tena udhuru wa kusema hajui pa kuanzia. Akaulize: bodi ya masheikh inayosimamia ni akina nani? Ujira wa uwakala ni asilimia ngapi? Ziada hugawanywaje? Jina la Kiarabu juu ya mlango halitoshi. Na pale ambapo aina ya kinga anayoihitaji haipatikani katika takaful, au sheria ya nchi inamlazimisha, amwendee mwanachuoni anayemwamini na amweleze hali yake yote.

Wapo pia wanaosema kwamba kukata bima ni kupungukiwa tawakkul. Tunawakumbusha kisa cha mtu aliyemuuliza Mtume (SAW) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Aliagizwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mola wake.

Ama kuandika hesabu, hilo halina ubishi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuyashuhudisha. Ajabu iliyoje kwamba umma uliopewa maagizo hayo ndio ambao mafundi wake huandika madeni juu ya ukuta wa karakana kwa kipande cha mkaa!

Daftari la nyumba nzima

Faida ya daftari haiishii TRA. Daftari lile lile ndilo litakalomwonyesha fundi zaka yake. Zana anazofanyia kazi, kama mashine na jenereta, hazitolewi zaka. Kinachohesabiwa ni fedha taslimu, bidhaa za kuuzwa na madeni anayotarajia kulipwa, baada ya kutoa yale anayodaiwa kwa wakati huo. Tuseme mwaka ukitimia ana fedha milioni 6, vyuma vya kuuza vya milioni 1, madeni ya kutegemewa ya milioni 2, na anadaiwa milioni 1. Jumla ni milioni 8. Ikiwa imefika nisabu, zaka ni asilimia 2.5, yaani shilingi 200,000. Nisabu hupimwa kwa gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha, na kwa bei za leo tofauti ya vipimo hivi ni kubwa. Sheikh aulizwe kipi cha kufuata. Asiye na daftari hutoa kwa kukisia: akizidisha amejitolea, akipunguza amebaki na haki ya maskini.

Na liko zito kuliko zaka. Mtu hufa. Katika mirathi ya Kiislamu, madeni hulipwa kabla warithi hawajagawana kitu. Fundi akifariki bila maandishi, siku ya tatu ya msiba hufika watu mlangoni: mmoja asema alilipia geti nusu, mwingine asema anadai vyuma, na wa tatu ananyamaza, naye ndiye anayedaiwa milioni mbili na marehemu. Mjane hana la kusema. Watoto wanakosa haki yao, na marehemu anabaki na dhima. Bima haiwezi kuitibu hali hiyo, wala mhasibu akiitwa baadaye. Inatibiwa na kalamu ya kila jioni.

Basi waanze na ipi?

Turudi mezani kwa fundi wetu. Ada ya mhasibu ni 480,000. Bima ya dhima ni 380,000 na ya zana ni 140,000, jumla 520,000. Vyote pamoja ni shilingi 1,000,000 kamili kwa mwaka. Lakini gharama hizi ni za biashara, na hupunguzwa katika faida kabla ya kodi. Faida yake ikishuka kutoka milioni 10 hadi milioni 9, kodi inashuka kutoka 1,036,000 hadi 792,000. Ameokoa 244,000. Gharama ya kweli ni 756,000, yaani 63,000 kwa mwezi. Kwa mwenye kufanya kazi siku 300 kwa mwaka, ni kama shilingi 2,500 kwa siku, na inaweza kuingizwa katika bei ya kila geti.

Asiyeweza vyote kwa mara moja, sisi tunampangia hivi. Kwanza, anunue daftari na faili leo. Hayo hayasubiri fedha. Kila jioni iandikwe fedha iliyoingia, iliyotoka, anayedai na anayedaiwa, na kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano kama sheria inavyotaka. Pili, achukue kinga ya dhima, kwa takaful ikipatikana, maana mali ya mtu mwingine ni amana, na hasara yake haina mpaka. Tatu, wasaidizi wake waandikishwe WCF. Nne, mhasibu aitwe hata mara moja kwa mwaka, akikuta daftari limekwisha kuandikwa. Kazi yake itakuwa nyepesi na ada yake itapungua. Bima ya zana ifuate baadaye, kwa sababu mashine iliyoibwa huweza kununuliwa nyingine kwa kujibana.

Tunawausia pia kina mama. Katika nyumba nyingi, mke ndiye mwenye mwandiko mzuri na kumbukumbu njema, naye ndiye atakayeulizwa maswali siku ile mume akiwa hayupo. Akae na daftari hilo. Asione haya kuuliza, “Ile ya shule wamelipa yote?” Na mume asilione swali hilo kuwa ni upelelezi.

Fundi wetu ana wiki mbili kabla ya kuanza kazi ya shule. Wiki hii akaulize takaful, achukue bei mbili na azisome na mkewe mstari kwa mstari. Usiku huu, kabla ya kulala, waandike ukurasa wa kwanza: tarehe, jina la shule, kiasi cha mkataba, kilichopokewa na kilichobaki. Mwenyezi Mungu aitie baraka riziki ya kila mwenye kutafuta kwa jasho lake, na atuwezeshe kukutana naye tukiwa hatuna deni la mja shingoni. Amin.